Viatu Vikavu Korongoni

Inspekta alishuka ngazi ya chuma kinyumenyume, goti lake la kushoto likilalamika kila alipoliegemea. Chini, Koplo alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili kana kwamba ni ngazi ndiyo ingeanguka.

"Taratibu, afande. Hapo katikati panateleza."

"Umechelewa kuniambia. Nimeshateleza."

Korongo lilikuwa jembamba kiasi kwamba mtu mnene angepita ubavu. Kuta zake zilikuwa za mwamba mweusi uliomwagwa na volkano enzi hizo, kisha mto ukaulamba mpaka ukawa laini kama chungu ambacho hakijachomwa. Kwenye nyufa ulitoka mvuke. Maji ya moto yalidondoka kutoka juu, na hewa ilinuka mayai viza. Ukiinua uso, mbingu ilikuwa utepe tu.

"Mtu anaacha kitanda chake," Koplo alisema, "anaacha chai yake mezani, anakuja kutambaa humu kama kenge. Eti anapumzika."

Inspekta alikuwa amekabidhiwa kazi hii asubuhi hiyo hiyo, kabla hajalala vizuri baada ya ile ya ghala lililoungua, na alichotaka kwanza ni kuyaweka mambo sawa kichwani. Jumamosi kundi la watalii lilishuka humu na mwongozaji wao. Walijipenyeza kwenye miamba, wakateleza kwenye maporomoko madogo, wakaoga kwenye kidimbwi cha maji vuguvugu. Alasiri mvua ikanyesha milimani, mbali, ambako hakuna aliyeiona, na mto ukaja kwa kishindo. Mwongozaji akawapandisha watu ngazini. Walipofika getini, mmoja hakuwapo: fundi miwani, mtu wa makamo, aliyekuja peke yake. Kesho yake waokoaji wakakuta mkoba, viatu na miwani yake juu ya mwamba. Maiti hawakuiona. Leo ilikuwa Jumatatu. Mwongozaji alikuwa mahabusu kwa uzembe, na jamaa wa fundi miwani walikuwa wameshaazima viti vya msiba.

"Mwamba wenyewe uko wapi?"

"Huu hapa."

Ulimfika Inspekta kiunoni. Aliutazama, kisha akatazama ukuta nyuma yake. Juu, mkono wake usikofika, ulipita mstari wa kijivu, ulionyooka kama uliochorwa na mpiga rangi. Chini ya mstari huo kila kitu kilikuwa kimepakwa matope ya majivu. Juu yake, mwamba ulikuwa mweusi kama kawaida.

"Maji yalifika pale."

"Ndiyo, afande. Waokoaji nao walisema hivyo."

"Na viatu vilikuwa hapa."

"Hapo hapo. Vimewekwa kimoja kando ya kingine, soksi ndani. Mkoba pembeni, miwani juu ya mkoba."

"Nipe."

Koplo alifungua mfuko wa plastiki. Inspekta aliingiza mkono ndani ya kiatu kimoja mpaka kwenye vidole, akautoa. Ulikuwa safi. Akakipindua, akakipigapiga kisigino. Hakikutoka kitu. Kisha akapitisha kidole kwenye mwamba, na kidole kikatoka na ute wa kijivu, mzito kama uji.

"Unaona nini?"

"Naona umejichafua mkono, afande."

"Na kiatu?"

Koplo alikitazama kiatu. Akautazama mstari ukutani. Midomo yake ilianza kusogea polepole, kama mtu anayefanya hesabu ya kugawanya.

"Kiko safi," alisema.

"Jumamosi mwamba huu ulizama. Chochote kilichokuwa juu yake kilisombwa. Hivi viliwekwa hapa baada ya maji kupungua."

"Basi ni yule mwongozaji!" Koplo aliruka. "Amemmaliza mtu huko, halafu amerudi kupanga vitu ili tudhani kaenda kuogelea. Na sijakwambia, afande: jana tulipekua kabati lake pale kwenye kibanda cha waongozaji. Tumekuta jaketi la fundi miwani, limeviringishwa nyuma ya kamba. Mke wa huyo fundi amelitambua."

"Inawezekana," Inspekta alisema bila uchangamfu, akaigeukia ngazi. Kupanda kulikuwa kubaya kuliko kushuka.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni isiyozunguka. Mwongozaji aliletwa bila mkanda wa suruali, akiishikilia kiunoni. Alikuwa na majivu kwenye nyusi bado.

Inspekta aliliweka jaketi mezani.

"La nani?"

"La mgeni."

"Lilifikaje kabatini mwako?"

"Alinipa."

"Wapi?"

Mwongozaji aliangalia mlango. "Nikisema mtasema naongopa."

"Hilo tunalisema tangu jana. Huna cha kupoteza. Sema."

"Juu. Tulipokwisha kupanda. Mimi nilikuwa wa mwisho, mama Inspekta, maji yalinifika hapa." Aligusa kifua. "Nikatoka natetemeka, meno yanagongana. Yeye akatoa jaketi mkobani, akanivisha mwenyewe kama mtoto. Akaniambia, pole ndugu yangu."

"Kwa hiyo alipanda."

"Alipanda! Niliwahesabu pale juu, wote walikuwapo. Halafu tukatembea mpaka getini, hayupo. Kila mtu anasema sikumwona, sikumwona. Nani atamwona mwenzake saa ile, kila mtu analia kivyake? Wakubwa wangu wakaniuliza, una hakika? Mara ya kwanza nikasema nina hakika. Mara ya tatu nikaanza kujiuliza mwenyewe. Nikaliogopa hilo jaketi, nikalificha."

Koplo, aliyesimama mlangoni, aliguna. "Hadithi tamu hiyo."

Inspekta alilikunjua jaketi. Nje lilikuwa safi, limekunjamana tu. Akaligeuza. Bitana ya ndani ilikuwa imeganda majivu makavu kifuani na mikononi mpaka kwenye viwiko. Yalipasuka na kudondoka mezani kama magamba.

"Koplo, njoo uone. Matope yako wapi?"

"Ndani."

"Nje?"

"Hakuna."

"Kama alimvua maiti aliyetoka majini, nje kungekuwaje?"

Koplo alijikuna shingo. "Labda alimuua akiwa mkavu."

"Juu pale? Mbele ya kundi zima?"

Inspekta alilikunja jaketi. Mwongozaji alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu aliyeona mlango umefunguliwa kidogo na anaogopa kuusukuma.

"Naweza kwenda nyumbani, mama?"

"Bado. Mimi nakuamini, lakini aliyekufungia si mimi, ni mkuu wa kituo. Anataka mtu, hataki jaketi."

*

Fundi miwani aliishi nyuma ya kiduka chake. Ili uingie sebuleni ilikupasa upite katikati ya fremu zilizotundikwa ukutani, mamia ya macho matupu yakikukodolea. Uani, majirani walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima, wakiongea kwa sauti ya chini. Katikati yao, kwenye mkeka, alikaa bibi mmoja mwenye macho yaliyovimba. Ndiye mama wa fundi miwani. Inspekta alimpa pole na kupita haraka.

Mke wa fundi alimpokea ndani. Kando ya dirisha alikaa kijana mwembamba mwenye uso wa manjano, mkono mmoja umefungwa bandeji. Alitambulishwa kuwa shemeji yake, mdogo wa fundi miwani, tumbo moja.

Inspekta alitoa miwani iliyokutwa mwambani. "Ni yake?"

Mke aliipokea kwa mikono miwili. "Ni yake." Akaisogeza karibu. "Lakini ya zamani hii. Tazama, vishikio vyake vya puani vimeota kutu ya kijani. Aliibeba mkobani ya akiba, akiogopa kuvunjikiwa safarini."

"Bila miwani anaona?"

Mke alitabasamu bila kutaka. "Shemeji, mwambie."

"Siku moja alilisalimia koti," kijana alisema. "Lilitundikwa mlangoni. Akalisalimia, likanyamaza, akakasirika, akasema wageni wa siku hizi hawana adabu."

"Na miwani yake ya kila siku iko wapi?"

"Itakuwa imekwenda naye," mke alisema.

"Mtu anaingia kuoga, anaiacha mwambani miwani ya akiba, anaingia majini na ile nzuri?"

Mke aliiweka miwani juu ya meza kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuuma.

"Kwa nini alikwenda peke yake?"

"Alisema anataka kuona maji na mawe kabla hawajampasua."

"Kumpasua?"

Mke alimtazama shemeji yake, kisha sakafu. "Alikuwa ampe mdogo wake figo. Wiki ijayo. Walipimwa ndugu wote, yeye tu ndiye aliyelingana. Mama alipiga magoti mbele ya ukoo mzima akamshika miguu."

"Naye akasema nini?"

"Akasema sawa."

"Sawa tu?"

"Mume wangu ni mtu wa sawa, afande. Umwambie chakula kimeungua, sawa. Umwambie mvua imeingia dukani, sawa. Nimeishi naye miaka yote hii, hapana yake sijawahi kuisikia."

Inspekta alisimama, akaaga. Alikuwa ameshafika garini alipomsikia mtu akihema nyuma yake. Ni yule kijana. Hatua chache kutoka ndani zilikuwa zimemchosha, ameegemea bodi ya gari.

"Afande, unamtafuta mtoni au barabarani?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Hukuuliza hata mara moja kama anajua kuogelea."

Inspekta alimwangalia. Koplo, nyuma ya usukani, alijifanya anapangusa kioo.

"Utakachokikuta huenda usikipende," Inspekta alisema.

"Nikikikuta kipumue tu." Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia.

*

Ramani ya hifadhi ilionyesha njia mbili za kutoka korongoni. Moja ilipanda ngazi mpaka getini, na getini kulikuwa na walinzi na ndugu wanaolia. Nyingine, iliyotumiwa na wachunga mbuzi, ilifuata mto kuelekea juu na kutokea kwenye barabara kuu, mahali malori yalipolala. Hapo palikuwa na pampu ya mafuta, gereji na gesti moja. Mtu mwenye viatu angepanda lori akaenda zake. Mtu aliyeviacha viatu vyake mwambani angehitaji kwanza mahali pa kuificha miguu.

"Na kama hayupo?" Koplo aliuliza njiani.

"Tutarudi, nitalala."

Mama mwenye gesti alikuwa mapokezi, akisoma gazeti la juzi.

"Hatuna mgeni wa namna hiyo," alisema hata kabla Inspekta hajamaliza. "Hapa ni madereva tu."

Inspekta aliegemea kaunta kupumzisha goti. Aliuona uso wa yule mama kwa karibu. Miwani yake ilikuwa ya bei ya chini, fremu imebanduka rangi, lakini imekaa sawasawa puani, na kwenye bawaba ilimeta skrubu mpya.

"Miwani yako imenyooka vizuri, mama."

"Ee, acha tu! Mwaka mzima ilikuwa inaniangukia kwenye sufuria. Huyu mgeni wa chumba cha nyuma ameichukua, kisu kidogo, dakika mbili, akanirudishia ime..." Aliishia hapo. Akaivua miwani, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. "Amenisihi nisimseme, mwanangu. Si mtu mbaya. Analia usiku."

"Najua. Chumba cha nyuma."

Fundi miwani alikuwa ameketi kitandani, amevaa ndala za mpira, zile ambazo watalii huingia nazo majini. Miwani mizito ilikuwa usoni pake. Alipoona sare ya Koplo hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyengojea basi, nalo limefika.

Inspekta alikaa kwenye kiti pekee. "Watu wamekulilia siku mbili."

"Sikupanga, afande."

"Viatu umevipanga."

Aliinamisha kichwa. "Tulipopanda, nilisimama pale juu naangalia maji yanavyobeba magogo. Nikasikia mtu anasema, angebaki mtu chini huko, hata mfupa usingeonekana. Basi. Neno hilo likaniingia. Wenzangu wakaondoka, mimi nikajibanza nyuma ya mwamba. Maji yalipopungua nikashuka, nikaviweka. Nikajisemea, wakinikosa watalia, lakini watanisamehe. Nikikataa hawatanisamehe."

"Unaogopa kupasuliwa."

"Naogopa kisu, ndiyo. Siku ya kupimwa nilizimia kwa sindano, nikawaambia wauguzi sijala. Hata hofu yangu niliionea aibu." Alipandisha miwani puani. "Mama alinishika miguu, afande. Ukishikwa miguu na mama yako, utaisemaje hapana?"

Swali hilo halikuwa la polisi; Inspekta aligeukia lililomleta. "Yule uliyemvisha jaketi yuko mahabusu tangu jana," alisema. "Wanasema amekuacha ufe."

Fundi miwani alisimama. "Yule kijana? Yeye ndiye aliyetuokoa wote!"

"Basi njoo uyaseme hayo kituoni. Mengine ya kuwasumbua waokoaji na kuongopea watu tutayazungumza baadaye."

Alianza kufunga vifungo vya shati, akakosea, akafungua, akakosea tena. Mwisho Koplo alimfungia.

Nje, mdogo wake alikuwa ameteremka garini. Walisimama, kaka na mdogo mtu, katikati yao dimbwi la mafuta ya lori. Fundi miwani alizitazama ndala zake.

"Umekula?" mdogo wake aliuliza.

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate."

"Mkate mkavu." Kijana alitikisa kichwa. "Kaka, ungeniambia mimi."

"Ningekuambiaje? Niishi mimi, wewe ufe?"

"Ungesema unaogopa. Mimi naogopa kila siku, ungenipata mwenzangu."

Fundi miwani alivua miwani yake. Bila shaka bila hiyo alimwona mdogo wake kama kivuli tu, na pengine ndivyo alivyotaka. Alilia amesimama, mikono imening'inia. Mdogo wake alilivuka lile dimbwi, akamshika bega. Haikujulikana nani alikuwa akimwegemea mwenzake.

*

Kituoni mambo hayakuchukua muda. Mkuu wa kituo alifoka, akasaini, akafoka tena. Mwongozaji alirudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alipomwona fundi miwani kwenye benchi alisimama mbele yake, mkanda mkononi.

"Nilikuhesabu," alisema. "Bwana, mimi nilikuhesabu."

"Najua. Nisamehe."

Mwongozaji hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Aliuvaa mkanda pale pale, polepole, tundu kwa tundu, akatoka.

Jua lilikuwa bado halijatua walipofika nyumbani. Inspekta alitaka waingie kwa mlango wa duka ili aanze kuongea na mke, lakini mtoto wa jirani aliwaona, akapiga ukelele, na uwanja mzima ukasimama. Viti vilianguka. Mke alitoka mbio, akafika, akampiga mumewe kofi moja la kifua, kisha akamkumbatia na kukataa kumwachia. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Watu waliokuja kuzika wakaanza kucheka kwa nguvu, kama wanaotaka kuyafidia machozi waliyokwisha kuyamwaga.

Inspekta alisimama kando, anangoja mtu akumbuke kuuliza alikuwa wapi. Alikuwa na maneno tayari, machache na makavu. Hakuna aliyeuliza.

Mama alimshika mwanawe mashavu, akamgeuza huku na huku, akamkagua kama aliyezaliwa sasa hivi. Kisha akamgeukia Inspekta, uso umelowa, unang'aa.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umeniletea wawili." Akawavuta wanawe wote, mmoja kila mkono. "Maana nilikuwa nimewazika wote. Basi hospitali ni ile ile wiki ijayo? Hawajafuta?"

Fundi miwani alifungua kinywa. Inspekta aliona neno likija, lile lile la siku zote. Midomo ilikuwa imeshajitayarisha kulisema. Kisha midomo ikaanza kutetemeka.

"Hapa..." alisema. "Hapana, mama."

Mama hakuelewa. Alimtazama mwanawe, akamtazama mdogo wake, akingoja mmoja wao acheke.

"Amesema hapana, mama," mdogo wake alisema kwa upole. "Nami nimemsikia. Kaa kwanza, tukueleze."

Mama hakukaa. Alibaki amewashika; vidole vyake vikalegea kwenye mkono wa mkubwa na, taratibu, vikaanza kukaza kwenye mkono wa mdogo.

Inspekta alimgusa Koplo kiwiko, wakatoka bila kuaga. Garini Koplo aliwasha injini, akakaa muda mrefu bila kuingiza gia.

"Tumemwokoa nani leo, afande?"

"Mwongozaji," Inspekta alisema, akafumba macho. "Endesha."